Dawa Zetu Zinakwenda na Maji

Mtu akikamatwa usiku na magunia ya karafuu katika bandari ya panya hapa Pemba, habari yake huenea kisiwa kizima kabla ya adhuhuri. Askari watakuja, sheha ataitwa, na kila mtu barazani atasema ya kuwa huyo ameiba mali ya nchi. Na ni kweli, kwa maana karafuu ni mali ya nchi, nayo imewekewa sheria yake, shirika lake la ununuzi na walinzi wake. Lakini ipo mali nyingine ya nchi inayomwagwa kila siku mchana kweupe, na hapana askari anayeiuliza, wala sheha, wala sisi tunaojiita wazalendo. Mali hiyo ni dawa za kuua vijidudu, ambazo wataalamu huziita antibiotiki, na ambazo wengi wetu tumezizoea kwa jina la vidonge vya rangi mbili.

Ndugu wananchi, msidhani kuwa nataka kuwafundisha udaktari, kwani mimi si daktari. Nataka kusema juu ya maji machafu, na maji machafu ni siasa. Penye choo kibovu na mfereji wazi yupo mtu aliyeamua fedha ziende kwingine, na wapo watu walionyamaza alipokuwa akiamua.

Hebu natuanze na kidonge chenyewe. Mtu akimeza amoksilini, sehemu yake zaidi ya nusu hutoka katika mkojo kwa saa chache tu, nayo ingali dawa kamili, haikuharibika. Hutoka ikaingia chooni. Ikiwa choo ni cha shimo, na shimo limechimbwa karibu na kisima au juu ya bonde, basi mvua za masika zikija husukuma kilichomo humo kushuka chini. Ikiwa ni mjini, hutoka katika bomba au karo iliyojaa ikaingia mtoni. Kadhalika dawa anazopewa kuku wa kisasa katika maji yake ya kunywa hutoka katika mavi yake, na mavi hayo ndiyo mbolea ya mchicha wetu. Kadhalika dawa zilizokwisha muda ambazo mtu huzitupa jaani au kuzimwaga chooni akidhani amezimaliza.

Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada walipiga hesabu wakatoa taarifa ya kuwa kiasi cha tani 8,500 za dawa hizi huishia katika mito ya dunia kila mwaka, baada ya kupita katika miili ya watu. Tani 8,500, ndugu zangu! Tungeambiwa kuwa karafuu kiasi hicho imemwagwa baharini tungevaa kaniki.

Yuko atakayesema, basi kuna ubaya gani? Dawa ikiingia mtoni si itaua vijidudu vya mtoni, na maji yatakuwa safi? Laiti ingekuwa hivyo. Dawa iliyo kidogo haiui, bali hufundisha. Vijidudu dhaifu hufa, vile vyenye namna ya kujikinga hubaki, navyo ndivyo vinavyozaa. Kijidudu huzaa kwa dakika, hakingoji miezi tisa, na siku chache zikipita mto mzima umejaa watoto wa wale walioishinda dawa. Hapo husemwa ya kuwa vijidudu vimekuwa sugu. Kisha lipo jambo la ajabu zaidi. Kijidudu kilichopata silaha ya kuishinda dawa huweza kumpa jirani yake silaha hiyo, hata kama jirani si wa jamii yake. Hakimwulizi kabila wala hakimwulizi katoka Unguja au Pemba. Kwa umoja, vijidudu hivi vimetupita sisi binadamu.

Na mto wa mjini ndipo mahali penye mkutano mkubwa wa namna hiyo. Humo hukutana uchafu wa hospitali, wa machinjio, wa nyumba maelfu na wa mabanda ya kuku, vyote pamoja katika maji ya uvuguvugu. Vijidudu vya tumbo la mgonjwa huonana na vijidudu vya udongo, na dawa iko baina yao, kidogo kidogo, mchana na usiku.

Haya si maneno ya vitabuni tu, wala si ya nchi za mbali. Kipindupindu kilipozuka Tanzania Bara mwaka 1977, dawa iliyotegemewa ilikuwa tetrasaiklini. Mwanzoni hapakuwa na kijidudu cha kipindupindu kilichoweza kusimama mbele yake. Basi ikagawiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao bali hata kwa wazima, ili iwakinge. Nia ilikuwa njema, hapana awezaye kukana. Lakini Profesa Fred Mhalu na wenzake wakaandika katika gazeti la madaktari la Lancet mwaka 1979 yale waliyoyaona: miezi mitano tu baada ya kuanza kampeni hiyo, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa haviisikii tena tetrasaiklini. Miezi mitano! Mkulima hajavuna muhogo wake, na dawa imekwisha kufa. Nchi nzima ilitazama, dunia ikajifunza, na taarifa hiyo mpaka leo hutajwa katika vyuo vya nje. Kwetu imesahauliwa, kama tunavyosahau mambo yetu mengi mpaka mgeni aje atusimulie.

Sasa tuje hapa hapa Pemba. Mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tatu za wilaya kisiwani humu. Wagonjwa wa homa 2,209 walitolewa damu ikapimwa. Katika vijidudu 79 vya hatari vilivyopatikana, 46 vilikuwa vya homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi. Tena wachunguzi walipokadiria wale ambao hawakufika hospitali au ambao kipimo hakikuwaona, walisema ya kuwa taifodi huenda ikawapata watu 110 katika kila 100,000 kwa mwaka, na malaria watu 47. Soma tena hesabu hiyo, ndugu msomaji. Sisi tuliozaliwa tukiambiwa ya kuwa kila homa ni malaria, leo homa inayotoka chooni imeipita homa inayotoka kwa mbu zaidi ya mara mbili. Mbu tumempiga vita kwa vyandarua na kwa dawa ya kupuliza, na tumeshinda kwa sehemu kubwa, na wanaostahili sifa wapewe. Choo hatujakipiga vita hata kidogo.

Lakini lililonitia hofu si idadi ya wagonjwa. Ni hili: nusu ya vijidudu hivyo vya taifodi ilikuwa haiuawi na ampisilini, nusu haiuawi na kloramfenikoli, nusu haiuawi na kotrimoksazoli ambayo watu huijua kwa jina la Septrin. Na vilivyozishinda dawa zote tatu kwa pamoja vilikuwa asilimia 42. Hizo ndizo dawa alizozitegemea mzee wangu na mzee wako. Hizo ndizo dawa ambazo bei yake mvuvi aliweza kuimudu. Mtoto wa Chokocho akipata homa leo, mamaye akampeleka Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, akapewa moja katika hizo, basi bahati yake huenda ikawa kama ya kurusha shilingi juu. Na ikishindikana itatafutwa dawa ya sindano, ghali, ya siku nyingi za kulazwa. Na hiyo nayo ikifa itatafutwa nini?

Duniani kote, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2022, watu milioni 1 na laki 2 na 70 elfu walikufa katika mwaka 2019 kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa, na bara lililoumia kuliko yote kwa kadiri ya watu wake ni Afrika yetu, kusini mwa Sahara. Sisi ndio tunaotumia dawa kidogo kuliko matajiri, na sisi ndio tunaokufa zaidi. Wale wakikosa dawa hii wanayo ile, na wana maji ya bomba na maabara katika kila hospitali. Sisi tuna ile moja, na ikifa tunabaki na dua.

Najua mtu wa Chokocho ataniuliza, mimi na mito ya mijini wapi na wapi? Hapa petu hapana mto mkubwa. Tuna vijito vinavyoshuka mabondeni mpaka mikokoni, na mbele yetu bahari na Kisiwa Panza. Mwulize basi kijana wako anafanya kazi wapi. Yuko Dar es Salaam, yuko Mombasa, yuko mjini Unguja. Anakunywa maji ya huko, anakula mchicha wa huko, na sikukuu ikikaribia anapanda boti kurudi nyumbani na tumbo lake. Abiria wa namna hiyo halipi nauli, wala bandarini Mkoani hapana karani awezaye kumwona.

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanza katika vilima vya Pugu, unakatiza jiji, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya maji machafu, unapita Jangwani, ndipo unaingia baharini. Kandokando yake watu wanalima mboga, nazo zinauzwa sokoni asubuhi. Mwaka 2021 wataalamu wa Tanzania yetu, si wa kuletwa, walitoa taarifa ya sampuli walizozichukua katika bonde hilo. Walikuta vijidudu sugu, tena vingine vinashinda hata karbapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa mgonjwa aliye mahututi. Fikiri hilo. Dawa ambayo mkulima wa Jangwani hajaimeza tangu azaliwe, wala hajui jina lake, imekwisha kushindwa katika maji anayomwagilia mchicha.

Miaka miwili kabla ya hapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima maji ya mito katika mahali 711, katika nchi 72. Asilimia 65 ya mahali hapo palikuwa na dawa hizi ndani ya maji. Hata Thames, mto wa London, ulikuwa nazo. Lakini palipovuka kiwango cha usalama mara nyingi zaidi ni Asia na Afrika, na Kenya, jirani zetu, ilitajwa miongoni mwa nchi zenye maji mabaya kuliko yote.

Mkoloni ana sehemu yake katika deni hili, wala sitaificha. Dar es Salaam aliigawa mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Uswahilini ndiko lilikoachwa kila kitu kichafu. Lakini mkoloni ameondoka. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, Mapinduzi yetu yalikuwa mwaka 1964, na mtoto aliyezaliwa siku zile leo ana wajukuu. Mpaka leo wengi wa wakazi wa Dar es Salaam hawakuungwa na bomba la maji machafu. Kusema bado ni kosa la mkoloni ni kumpa sifa ya kututawala akiwa kaburini.

Tena wapo wakoloni wa namna mpya, ambao hawana bendera. Dawa nyingi tunazomeza zatoka India. Mwaka 2007 wataalamu wa Sweden walipima maji yaliyokuwa yakitoka katika mtambo wa kusafishia taka za viwanda vya dawa kiasi cha 90, huko Patancheru karibu na Hyderabad. Walikuta dawa iitwayo siprofloksasini kiasi cha miligramu 31 katika lita moja, nayo ni zaidi ya ile inayokutwa katika damu ya mgonjwa anayetibiwa! Maji hayo yalikuwa yamekwisha kusafishwa, kwa mujibu wa maneno yao. Wahindi wanyonge wa vijiji vile ndio waliyaona kwanza madhara yake, nao ni ndugu zetu katika jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilingoja mpaka Septemba 2024 ndipo likatoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maji machafu ya viwanda vya antibiotiki. Miaka 17 baada ya kupimwa Patancheru! Sisi wanunuzi tuna haki ya kusema: tutanunua kwa yule anayesafisha taka zake. Serikali inayonunua dawa kwa fedha za wananchi iandike sharti hilo katika mkataba, badala ya kutazama bei peke yake.

Lakini haifai kuilaumu India huku tukisahau duka la hapa mtaani. Maduka mengi, ya dawa na yasiyo ya dawa, huuza vidonge vinne vya amoksilini kama yanavyouza sigara moja moja. Mtu ana mafua, anameza. Mafua hayatokani na bakteria, na dawa hii haiyagusi kabisa, lakini anameza, siku ya pili amepata nafuu kama ambavyo angepata bila dawa, basi anaacha na kusifu kidonge. Mwingine ana homa kweli na anahitaji siku tano, lakini mfukoni ana fedha za siku mbili.

Huyu wa pili simlaumu. Wako mabwana, wengine wanachama wenzetu, wanaosimama majukwaani na kusema ya kuwa wananchi ni wajinga, hawamalizi dozi. Namwuliza bwana huyo, nauli ya kwenda Mkoani na kurudi anaijua? Anajua siku ya mvuvi ambaye dema lake limetoka tupu? Mnyonge haachi dawa kwa ujinga. Huiacha kwa sababu dozi nzima ni chakula cha watoto. Ukitaka amalize dozi, mpe dozi nzima pale kituo cha afya, karibu, bila ya kumwambia dawa hakuna nenda kanunue. Kisha ndipo umfungie yule wa dukani. Ukifunga duka kwanza na kituo hakina dawa, umewaua watu kwa jina la kuwaokoa.

Basi natuyaseme tunayoyataka, tena tuyaseme matawini na si chini ya mwembe peke yake.

Twataka Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar usiishie Chake Chake na mjini, bali ufike katika maduka ya vijijini, na uwaonye wauzaji mara moja, na mara ya pili ufunge. Twataka dawa zilizokwisha muda zirudishwe kituoni zikateketezwe, zisitupwe. Twataka Mamlaka ya Maji ituambie kwa maandishi, yabandikwe kwa sheha, maji ya visima na mabomba yetu yalipimwa lini na yalikutwa na nini. Hospitali zetu nazo, ambazo ndizo zenye vijidudu vibaya kuliko vyote, zitueleze maji yao machafu yanakwenda wapi yakitoka ukutani. Hilo ni swali la heshima, hatumtukani mtu.

Juu ya vyoo nitasema kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Serikali ya Zanzibar imejiwekea mpango wa kutokomeza kipindupindu kati ya mwaka 2018 na 2027. Mpango huo ukitimizwa kwa vyoo na maji, na si kwa chanjo na hotuba tu, utaua ndege wengi kwa jiwe moja: kipindupindu, taifodi, na haja yenyewe ya kumeza dawa. Mtoto asiyeharisha haombi kidonge, na kidonge kisichomezwa hakiingii mtoni. Vijiji vya mwambao kama Chokocho vina taabu yake, kwa sababu maji ya chini hayako mbali na bahari hujaa na kutoka, na shimo la choo halina pa kwenda. Hapo choo cha kawaida hakitoshi. Yatupasa tupate wahandisi waje waone, watuambie choo cha namna gani kinafaa udongo huu, kisha tujenge wenyewe kwa kujitolea kama tulivyojenga madarasa. Mikono tunayo. Saruji tunaiomba, na kuiomba si aibu kwa mtu anayelipa kodi.

Miji yetu inayokua, Mkoani, Chake Chake na Wete, isingoje ifike pale ilipofika Vingunguti. Kila ghorofa inayojengwa leo Chake Chake bila ya kuulizwa maji yake machafu yataishia wapi ni Msimbazi mdogo unaoanzishwa. Huko Bara, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi kwa ajili ya mafuriko. Ni jambo jema, lakini angalieni fedha ilizoziidhinisha, mamilioni 200 ya dola! Sisi bado tuna vijito ambavyo mtoto huvivuka kwa kuruka. Kuvilinda sasa kutagharimu sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na sasa upo wa pili mpaka 2028. Nimemwuliza mjumbe mmoja wa halmashauri kama ameuona. Akanijibu, mpango gani? Wabunge na wawakilishi wetu waulizwe swali hilo hilo watakapokuja kuomba kura, na asiyelijua apewe nafasi ya kwenda kulisoma kabla ya kurudi.

Wala tusiambiwe ya kuwa hapana wataalamu wala vifaa. Pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000 ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo wageni wa dunia nzima huijia kufanya utafiti wao. Yatupasa nasi tuijie. Wanachama wa tawi la Chokocho, pamoja na sheha na walimu wa skuli, waandike barua kwa wakubwa wa wilaya wakitaka maji ya vijito na visima vya hapa yachukuliwe, yapimwe kama yana vijidudu vya taifodi na kama vijidudu hivyo vinasikia dawa, mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, na matokeo yasomwe hadharani. Kutoka Chokocho hadi Wawi chupa ya maji ni safari ya gari ya asubuhi moja.